Kuhesabu Maji Kabla ya Kushuka

Liko swali ambalo watu hulidhani kuwa dogo, nalo si dogo: Je, mtu aendaye mahali pa hatari kwa mapenzi yake mwenyewe, anawiwa na mtu ye yote? Wengine hujibu upesi, wakisema, "Roho ni yangu, nikifa, nimekufa mimi." Naona jibu hilo si kweli, nami nataka kulipima kwa mfano wa korongo kubwa la Marekani, liitwalo Grand Canyon, katika jimbo la Arizona.

Korongo hilo limechimbwa na mto Colorado katika nchi kavu. Urefu wake ni kilomita 446 kwa kuufuata mto, na kina chake chapata mita 1,600. Watu wengi hushuka humo kwa miguu, shanta mgongoni, wakalala siku tatu au nne, kisha wakapanda tena.

Sasa tuangalie ajabu ya safari hiyo. Apandaye mlima huanza na kazi ngumu. Akichoka hugeuka, na njia ya kurudi ni mteremko. Lakini korongo ni mlima uliopinduliwa. Msafiri hushuka asubuhi, miguu ikiwa na nguvu na hewa ya ukingoni ikiwa baridi, naye husema moyoni kwamba kazi ni rahisi. Kumbe kila hatua ya kushuka ni deni, nalo atalilipa baadaye akiwa amechoka, tena juani, maana wakati wa kiangazi joto la chini hupita digrii 40. Wazoefu wa njia zile hufundisha kwamba saa moja ya kushuka ihesabiwe saa mbili za kupanda. Mambo mengi ya maisha yana umbo la korongo hilo: mwanzo wake ni mteremko, na malipo yake ni kupanda.

Basi mwenye busara huhesabu angali nyumbani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mtu mmoja ahitaji lita nne au zaidi kwa siku ya joto. Njia ya South Kaibab, kama kilomita 11 mpaka mtoni, haina maji hata tone. Kwa hiyo huuliza: Chemchemi ipi ina maji mwezi huu? Bomba lipi limefungwa? Huchukua na vyakula vya chumvi, kwani anywaye maji mengi bila chumvi aweza kuugua hata kufa. Hutembea alfajiri na jioni, hukaa kivulini tangu saa nne hata saa kumi. Wala hapigi hema katika mkondo mkavu, kwa kuwa mvua iliyonyesha mbali, asikoona hata wingu, yaweza kuleta gharika.

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya akili tu, si ya wema na ubaya." Sivyo. Maji yako yakiisha, utakunywa ya mwenzako, naye hataweza kukunyima. Basi uzembe wako umemnyang'anya. Tena, kila mwaka watu zaidi ya 250 huokolewa katika korongo lile, na mwokoaji hushuka katika jua lile lile, wala hukumwuliza ulipokuwa ukifunga mzigo. Tena wako wanaokungoja nyumbani. Ukiwaachia karatasi yenye njia yako na siku ya kurudi, umewapa haki yao.

Lakini liko neno la kujibiwa. Kama watu wote wangalihesabu hivi, nani angaliingia mahali pasipojulikana? Tarehe 24 Mei 1869 John Wesley Powell, mtu wa mkono mmoja, alianza safari ya mto ule pamoja na watu tisa na mashua nne, bila ramani ya kumwonyesha yaliyo mbele. Mmoja aliondoka mapema. Tarehe 28 Agosti, chakula kikiwa karibu kwisha, watatu waliyaona maporomoko ya maji mbele yao, wakakataa kuendelea: Oramel Howland, nduguye Seneca, na William Dunn. Powell hakuwalazimisha, aliwaachia mashua moja, labda watageuza nia. Walipanda genge, wala hawakuonekana tena. Siku iliyofuata wale sita waliobaki walitoka korongoni salama.

Watu husema kwamba waoga walipotea na mashujaa wakapona. Mimi siwezi kusema hivyo. Kama mashua zingalipinduka, wale watatu wangaliitwa wenye hekima. Mwisho wa jambo si kipimo cha busara ya mtu. Kipimo ndicho hiki: Je, aliyatafuta kwa uaminifu yale aliyoweza kuyajua? Asiyejua kwa kuwa hapana awezaye kujua, hana lawama. Asiyejua kwa kuwa hakutaka kuuliza, analo la kujibu. Siku hizi njia za korongo zimechorwa, na maji yake yameandikwa yalipo. Ujinga wetu si ule wa Powell.

Neno la mwisho. Yafaa msafiri aamue angali nyumbani ni wapi atakapogeuka ikiwa maji yamepungua, kwa maana akiwa juani, kiu na kiburi humwondolea akili. Naye asiyafuate mashauri ya mwenye miguu mingine, kama wazee walivyosema: Usisafirie nyota ya mwenzio. Ageukaye mahali alipopanga kugeuka hakushindwa. Amelipa deni lake mapema, lilipokuwa bado dogo.