Shomoro wa Tano

Masomo: Luka 12:6-7, Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Zaburi ya 84

Juma hili nina ungamo kabla ya fundisho.

Mnaukumbuka ule mgunga uliokuwa kando ya hema la watoto. Wale ndege wadogo wa manjano walikuwa wameujaza viota, na kila mvua ikinyesha, nyasi na uchafu wao ulikuwa unaziba gata. Kamati ya ujenzi iliniomba niandike ripoti. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nilifanya vile nilifundishwa: nikachora safu mbili, gharama upande huu, faida upande ule. Kusafisha gata, shilingi 1,500 kila mwezi. Kuosha viti, shilingi 800. Upande wa faida niliandika neno moja tu, "kivuli". Ndege sikuwaandika popote. Mti ukakatwa Jumamosi moja ya mwezi wa nne.

Kesho yake asubuhi watoto wa shule ya Jumapili waliniletea katoni. Ndani mlikuwa na makinda sita, hata manyoya hawajaota. Msichana mmoja, wa miaka kama saba, akaniuliza, "Pasta, hawa Mungu alikuwa anawajua?" Nikajibu "ndiyo" haraka haraka, vile mtu hujibu akiwa na ibada ya pili ya kuongoza. Kufikia jioni wote sita walikuwa wamekufa.

Swali la mtoto huyo limekataa kuniacha. Kama Mungu alikuwa anawajua, mbona mimi sikuwaandika? Na kitu ambacho hakina bei, je, kina thamani?

Fungua Mathayo 10:29. Pale Yesu anataja bei ya sokoni: shomoro wawili kwa senti moja. Sasa nenda Luka 12:6. Pale ni watano kwa senti mbili. Piga hesabu. Kama wawili ni senti moja, basi senti mbili zinanunua wanne. Huyo wa tano ametoka wapi? Ni nyongeza! Ni kama mama mboga, ukinunua nyanya za mia anakutupia moja ya juu. Shomoro wa tano hana bei kabisa. Lakini Yesu anasema hakuna hata mmoja kati ya hao watano aliyesahauliwa mbele za Mungu. Soko lilimpa bure, mbinguni anakumbukwa. Makinda wetu sita walikuwa shomoro wa tano.

Mtu anaweza kuniambia, "Pasta, shida yako ilikuwa hesabu mbaya tu. Ungeandika faida zote za ndege." Huo ni ukweli, lakini ni nusu. Wacha niwape mfano wa tumbusi. Sisi hapa tukitaka kumtukana mwanasiasa mlafi tunamwita tumbusi. Kule India, miaka ya 1990, wafugaji walianza kutumia kwa wingi dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki kutibu ng'ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo aliharibika figo akafa. Katika miaka kumi na kitu, aina tatu za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa wa kurandaranda wakaongezeka, na hao mbwa wana kichaa. Serikali ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Mwaka 2024 wanauchumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walichapisha utafiti unaokadiria kwamba kupotea kwa ndege hao kulichangia vifo vya watu kama 500,000 kati ya 2000 na 2005. Nusu milioni, kwa sababu ya ndege ambaye hakuna mtu angemlipia hata senti!

Na hapa kwetu tumbusi wanakufa kwa sumu. Simba au fisi anaua ng'ombe, mwenye mali kwa uchungu anatia sumu kwenye mzoga, na tumbusi wakishuka kula wanakufa wengi kwa siku moja.

Kwa hivyo hesabu nzuri inasaidia. Lakini haitoshi, wapendwa. Kwa sababu kuna ndege ambaye utapiga hesabu yake mara kumi na bado hutaona faida. Itakuwaje kwake? Ukimwambia mkulima wa mpunga wa Mwea ama Ahero ahesabu faida ya kwelea, atakucheka, na ana haki. Kama thamani ya kiumbe ni faida yake kwetu peke yake, basi siku faida inaisha, ruhusa ya kuua inaanza. Na ninyi mnajua mawazo kama hayo hayakomei kwa ndege. Yanafika kwa mzee asiyefanya kazi tena, na kwa mtoto aliyezaliwa na ulemavu.

Ndiyo sababu napenda ile sheria ya Kumbukumbu la Torati 22. Ukikuta kiota, na mama amelalia mayai au makinda, unaweza kuchukua makinda, lakini mama umwache aende. Mungu hakukataza kula. Alikataza kumaliza. Na ona ahadi aliyoiweka hapo: upate heri na siku nyingi. Ni ahadi ile ile aliyowapa wanaoheshimu baba na mama! Amri ya wazazi na amri ya kiota zina malipo yaleyale.

Ningeitii hiyo sheria, mti ungeweza hata kukatwa, lakini si Jumamosi ile. Ndege hawa hukaa na mayai kama wiki mbili, na makinda huruka baada ya wiki tatu hivi. Tungengoja mwezi na nusu. Gata ingetugharimu shilingi elfu mbili na kitu.

Mzee mmoja wetu aliniambia kwa upole, "Pasta, watu wanalala njaa na wewe unahubiri ndege?" Namheshimu. Yesu mwenyewe alisema sisi tuna thamani kupita shomoro wengi. Lakini hakusema shomoro hana thamani. Anatutuliza sisi kwa kutuonyesha jinsi Baba anavyomjali yule mdogo. Ukimfanya shomoro kuwa si kitu, umeivunja hiyo faraja yako mwenyewe.

Zaburi ya 84 inataja ndege aliyejenga karibu na madhabahu ya Bwana. Mtunga zaburi hamfukuzi kwa sababu ya uchafu. Anamwonea wivu, kwa kukaa karibu hivyo na Mungu! Nasi tulikuwa na ndege hao hao karibu na hema letu. Dume anachana majani kwa mdomo tu, anashona kiota kinachoning'inia, mlango ukitazama chini. Jike anakuja kukagua, akikataa, dume anakibomoa na kuanza upya. Nilipita chini ya kazi hiyo miaka minne nikitazama simu.

Nimeiomba kamati mambo mawili: tupande migunga mitatu kwenye ua, mbali na mabati, na mti wenye makinda usikatwe tena hapa. Na wewe nyumbani, mvulana wako akishika manati, msomee Luka 12. Kabla hujakata, tazama juu.

Yule msichana bado anakuja kila Jumapili. Nilimwendea nikamwambia: ndiyo, Mungu alikuwa anawajua. Mimi ndiye sikuwajua.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa wale tuliowaacha nje ya hesabu zetu. Tufundishe kukumbuka unachokumbuka. Katika jina la Yesu, amina.