Kichefuchefu cha kulipia

Huko Florida, Marekani, katika bustani za starehe za Walt Disney World, kuna mchezo unaoitwa Mission: SPACE. Ulifunguliwa mwaka 2003. Unafungiwa ndani ya chumba kidogo kinachozungushwa kwa kasi, mpaka mwili unahisi umerushwa angani. Mifuko ya kutapikia imo humohumo. Mwaka 2006 wakaongeza chumba kisichozunguka, basi mtu anachagua: rangi ya chungwa kwa wenye roho ngumu, kijani kwa wanaotaka polepole.

Kichefuchefu kinakuja hivi: sikio la ndani linauambia ubongo tunakwenda, macho yanasema tumetulia. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo ndilo linalipa.

Sisi tuliohamishwa kwa lori, turubai limefungwa, njia hatuioni, kitu hicho tulikipata bure. Sasa najiuliza: kama tumbo linachafuka vilevile, mbona wao waite raha na sisi tuite mateso?

Naona tofauti haiko tumboni. Yule amesoma onyo mlangoni, amechagua rangi, anajua baada ya dakika chache atashuka arudi kwake. Sisi hata pa kushukia hatukuambiwa. Mtazame dereva: ni nadra atapike, kwa sababu kona anaijua kabla haijafika.

Ndugu zetu wa mashirika, barabara hamwezi kuinyoosha, tunaelewa. Lakini kutuambia tunakwenda wapi, tutafika saa ngapi, na kama mgonjwa anaweza kungoja gari la kesho, hiyo nayo inahitaji bajeti?