Je, Kampuni Kubwa ya Teknolojia ni Mwajiri Mwema kwa Kijana Wetu?

Kila mwaka, baada ya mahafali ya vyuo vikuu, maombi ya aina moja huongezeka katika ibada zetu. Wazazi huomba mtoto wao apate kazi. Wakiulizwa kazi gani, wengi hutaja kampuni: ile yenye jina linalojulikana dunia nzima, inayotengeneza kompyuta au programu, au kuendesha mitandao ya simu. Kijana akiipata, familia huleta sadaka ya shukrani na kanisa zima hupiga makofi. Akipata kazi katika duka la kutengeneza simu, au akianza kufundisha hesabu shule ya kijijini, mara nyingi hakuna anayesimama kutoa ushuhuda.

Wazazi hawa tusiwalaumu upesi. Wengine wameuza shamba ili kulipa ada, wengine wamekopa kwenye chama. Wanapotaka kampuni imara, wanataka mtoto asirudi nyumbani baada ya miezi mitatu, na wadogo zake nao wasome. Hata hivyo swali lenyewe linastahili kuulizwa mbele za Mungu. Je, kampuni kubwa ya teknolojia, iliyosimama miaka mingi, ni mwajiri mwema kwa kijana aliyehitimu juzi? Na wema huo tuupime kwa kipimo gani?

Biblia haikuacha suala la mwajiri bila neno. Labani alimwajiri Yakobo na kumbadilishia ujira mara kumi. Boazi alifika shambani akawasalimu wavunaji wake kwa jina la Bwana, na akaangalia hata yule mgeni aliyeokota masazo. Torati iliagiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ameuwekea ujira ule moyo wake. Kwa hiyo ukubwa wa jengo si kipimo. Mwajiri hupimwa kwa ujira wa haki, unaolipwa kwa wakati, na kwa jinsi anavyomtendea aliye mdogo kabisa shambani mwake.

Lakini habari inayomfaa zaidi mhitimu wa leo ni ile ya Danieli na wenzake watatu. Tumezoea kuihubiri kuanzia tundu la simba, tukasahau ilivyoanza. Ilianza kwa kuchaguliwa. Mfalme Nebukadreza alitaka vijana wenye akili, wepesi wa kujifunza, wanaofaa kusimama katika jumba lake. Wakapewa mafunzo ya miaka mitatu, elimu na lugha ya Wakaldayo, na posho ya chakula kutoka meza ya mfalme. Wakapewa pia majina mapya. Walikuwa mateka, na hapo wanatofautiana na vijana wetu wanaotuma maombi kwa hiari. Lakini mwenye kusoma tangazo la kazi la kampuni kubwa atayatambua mengi: uchaguzi mkali, mafunzo, marupurupu, na mwisho wake utambulisho mpya wa kuvaa shingoni.

Angalia walichokubali na walichokataa. Elimu waliikubali, wakaifanyia bidii hadi wakawapita wote. Kazi ya mfalme waliikubali. Hata majina mapya waliyavumilia. Chakula cha mfalme walikikataa, na Danieli alikuwa ameazimu hivyo moyoni mwake kabla sahani haijawekwa mezani. Hakungoja siku ya kujaribiwa ndipo aanze kufikiri.

Ili tusizungumze juu juu, tuchukue kampuni moja ya leo ambayo historia yake ni ndefu na iko wazi. IBM ya Marekani ilianzishwa mwaka 1911 kwa jina lingine, na jina hili ililichukua mwaka 1924. Aliyeijenga ni Thomas J. Watson, aliyejiunga nayo mwaka 1914. Watson aliamini katika kumfundisha mfanyakazi, akajenga shule ya kampuni katika mji wa Endicott, jimbo la New York. Mwaka 1934, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni iliwapa wafanyakazi bima ya maisha. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa desturi ya kutompunguza mtu kazini kwa sababu ya hali ya biashara. Aliyeingia akiwa kijana alitarajia kutoka akiwa mzee mwenye pensheni.

Yako mema mengine. Mwaka 1953, wakati majimbo ya kusini mwa Marekani bado yaliwatenga watu weusi kwa sheria, mwanawe, Thomas Watson mdogo, aliwaandikia mameneja barua akiagiza watu waajiriwe kwa uwezo wao bila kujali rangi wala imani. Hilo ni tendo la haki, na Mkristo hana sababu ya kuona haya kulisifu kwa sababu tu limetoka kwa mfanyabiashara.

Lakini kampuni hiyohiyo ilikuwa na kitabu cha nyimbo. Wafanyakazi waliimba pamoja kuisifu kampuni, na kumsifu Watson kwa jina. Tukiwa watu tunaojua wimbo wa sifa ni wa nani, hapa tunapaswa kutulia kidogo. Ukarimu mkubwa wa mwajiri una jaribu lake: aliyepewa mengi huanza kudhani anadaiwa hata moyo wake. Na katika miaka ileile tawi la kampuni hiyo nchini Ujerumani liliuza na kukodisha mashine za kadi zilizotumika katika sensa ya mwaka 1933 chini ya utawala wa Hitler. Mwaka 1937 Watson alipokea nishani ya utawala huo, akairudisha mwaka 1940. Baadaye kampuni ilifanya biashara Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi, hadi mwaka 1986 ilipotangaza kuliuza tawi lake la huko. Wengi waliofanya kazi humo walikuwa watu wema waliolipwa vizuri. Mshahara mzuri haukuwajibia swali la kazi ya mikono yao ilikuwa inamtumikia nani.

Kisha ikaja siku ambayo ile desturi ya ajira ya maisha haikuweza kushikiliwa tena. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 400,000. Kompyuta ndogo za mezani zilibadilisha soko, na mwaka 1993 ilipata hasara ya takribani dola bilioni 8. Mwaka huohuo aliletwa mkuu mpya kutoka nje, Louis Gerstner, na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza kazi. Kufikia mwisho wa mwaka 1994 walikuwa wamebaki takribani 220,000. Pengine bila uamuzi huo mchungu kampuni nzima ingezama pamoja na wote waliokuwamo, na watu waaminifu wanaweza kutofautiana kuhusu jambo hilo. Ila mtu aliyekuwa amejenga maisha yake yote juu ya kauli kwamba hatapunguzwa, alijikuta na umri wa miaka hamsini akiulizwa atajitambulisha kwa jina gani sasa.

Hayo si mambo ya kampuni moja wala ya zamani tu. Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza watu 12,000, na Microsoft 10,000, zote zikiwa kampuni tajiri zinazotamaniwa na wahitimu wa dunia nzima. Wengine walipata habari kwa barua pepe, na walipojaribu kuingia katika kompyuta za kazi wakakuta mlango umefungwa.

Na mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 2013 IBM ilifungua maabara yake ya kwanza ya utafiti barani Afrika, nayo iliwekwa Nairobi, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Kampuni hizi zimekuja hadi kwenye viwanja vya taasisi za Kanisa. Watoto wetu wataitwa, na ni vema waitike wakijua wanachoitikia.

Basi jibu ni lipi? Kwa maoni yangu, kampuni ya namna hii inaweza kuwa mwajiri mwema kwa mhitimu, mara nyingine mwema kuliko wengi. Hulipa mwisho wa mwezi bila kusukumwa. Ina bima ya afya. Ina watu waliobobea ambao kijana hawezi kuwapata mtaani, na ina utaratibu wa kufundisha: jinsi ya kuandika taarifa inayoeleweka, kukaguliwa kazi bila kukasirika, kumaliza ulichoanza. Wako waajiri wadogo, hata miongoni mwetu waumini, wanaowafanyisha vijana kazi miezi sita bila malipo huku wakiwaambia wamwamini Mungu. Mbele ya Torati, mwajiri huyo ana deni kubwa kuliko kampuni isiyofungua kikao kwa sala lakini inalipa.

Ila kampuni haiwezi kuwa baba. Haina pumzi ya kukupenda, na haipaswi kudanganya kwamba inakupenda. Inaweza kutimiza mkataba, na hilo ndilo tuidai. Tukiitaka itupe usalama wa maisha, jina na maana ya kuishi, tunaitwika mzigo usio wake, na siku itakapouangusha tutaangukiwa sisi.

Kwa kijana anayekwenda kuanza, nashauri mambo matatu. La kwanza, chukua elimu yote unayoweza. Danieli hakujifunza nusu nusu kwa sababu mwalimu alikuwa Mbabeli. Ujuzi utaondoka nao siku utakapokabidhi kitambulisho mlangoni. Cheo kitabaki palepale. Usiache mbachao kwa msala upitao.

La pili, amua mapema sahani usiyoila. Iandike kabla hujasaini mkataba. Je, ukiambiwa ubadilishe takwimu ili mteja adanganyike? Je, programu unayoitengeneza ikitumika kuwapeleleza watu maskini wasio na wakili? Je, ukipangiwa kazi kila Jumapili hadi usahau sura za ndugu zako kanisani? Danieli alikataa kwa adabu, akapendekeza jaribio la siku kumi, akampa msimamizi wake njia ya kutoka bila aibu. Msimamo si lazima uwe ugomvi. Lakini asiyeamua leo ataamuliwa na mshahara, hasa akishachukua mkopo wa gari.

La tatu, dirisha lako liwe wazi kuelekea Yerusalemu. Danieli alipokuwa mzee mwenye cheo kikubwa chini ya Dario, adui zake walipekua kazi yake wasione kosa. Walichoweza kumshika nacho ni sala tu, mara tatu kila siku. Huyu ndiye Danieli ambaye chini ya Belshaza inaonekana alikuwa amesahauliwa kabisa, mpaka malkia alipomtaja usiku wa karamu. Wafalme walibadilika, utawala wenyewe ukaanguka, na yeye akaendelea hadi siku za Koreshi. Siku aliposahauliwa hakupoteza jina lake, kwa kuwa hakuwa amelipokea ikuluni.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tunaobaki kwenye mabenchi. Kijana aliyepunguzwa kazini mara nyingi hupotea kanisani kwanza, kabla hajapotea mahali pengine. Anaona haya. Alitolewa ushuhuda akiwa na kitambulisho. Sasa hana, na hajui atakaa wapi. Aibu hiyo ameipata kwetu. Tulipiga makofi kwa jina la kampuni zaidi kuliko kwa jina alilobatizwa nalo.

Tunaweza kurekebisha hilo. Jumapili ya shukrani tumsimamishe mwalimu wa kijijini na fundi simu pamoja na mhandisi wa programu, tukawaombee kwa maneno yaleyale. Wanaofanya kazi katika kampuni kubwa wakae na wahitimu mara moja kwa mwezi, wawaeleze mkataba unasomwaje na akiba huwekwaje. Na tukisikia mmoja wetu amepunguzwa, twende kwake wiki hiyohiyo, na unga na sukari mkononi, tukae naye kwa muda bila kumuuliza ametuma maombi mangapi.