Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Kovu halitoki damu wala usaha, na anayelitazama kwa nje huona mambo yamekwisha. Methali hii humkanya mtazamaji huyo. Aliyedhulumiwa anaweza kunyamaza, akacheka na watu, hata akaamkiana na aliyemtenda, ilhali kinyongo kiko palepale.

Watu wa Nakuru, nchini Kenya, hawahitaji kufundishwa maana hiyo. Huko Molo nyumba zilichomwa mwaka 1992, na Januari 2008, baada ya uchaguzi, miji ya Nakuru na Naivasha ikaingia katika mapigano. Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 28 Februari, na Mei mwaka huohuo serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, ya kuwarudisha makwao waliokimbilia kambini. Tuseme mkulima wa viazi ametolewa kambini, amerudi shambani kwake, na mlango alioupaka rangi kwa mkono wake anauona kwenye nyumba ya pili. Kila kukicha mwenye nyumba hiyo humwambia, "Habari ya asubuhi, jirani?" Naye huitikia, "Nzuri," akashika jembe lake. Je, huyo amepoa?

Mtu wa namna hiyo ndiye huambiwa upesi: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema, lakini uzito wake hutegemea msemaji. Akiisema aliyeumizwa, ni msamaha. Akiisema aliyeumiza, ni dhuluma ya pili, kwa kuwa anajisamehe deni analodaiwa na mwenziwe.

Wapo wanaohofu kwamba methali ya kovu huchochea kisasi. La hasha! Mwenye kovu haagizwi kulipiza. Anayeagizwa ni yule asiye nalo, kwamba asidhani. Amuulize mwenziwe, amsikilize hata yanayomchoma, na kama mlango uko kwake, aurudishe. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa dhuluma za miaka iliyopita, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa walioathirika. Kuomba radhi kulikuwa kukiri kwamba kovu lipo, na hilo si dogo. Hata hivyo, miaka ilipita waathiriwa wakiidai fedha hiyo, na radhi isiyofuatwa na fidia humwacha mtu na maumivu yaleyale.

Basi funzo la methali ni hili: wa kusema jeraha limepoa ni aliyejeruhiwa peke yake. Aliyekosa kazi yake ni kutibu, na kungoja.