Naamani Alitaka Jambo Kubwa

Somo: 2 Wafalme 5:1–14

Mpendwa, hebu sogeza kidole cha mguu. Kuna seli moja ya neva iliyoanzia kwenye uti wa mgongo, huko kiunoni, ikashuka mpaka mguuni. Karibu mita moja, na ni seli moja tu! Sasa jiko la seli hiyo, mahali inapotengeneza sehemu kubwa ya mahitaji yake, liko kule juu. Chakula kitafikaje chini?

Mungu ameweka reli ndani. Ndiyo, reli, kama hii yetu inayokata Kibera. Wataalamu wanaiita mikrotubuli. Juu yake kuna wabebaji wadogo mno, kinesini, wanaotembea kwa miguu miwili, hatua kwa hatua, kama vijana wetu wa mitungi ya maji kwenye vichochoro vya Lindi ambako mkokoteni haupiti. Mzigo wa haraka unaweza kwenda sentimita 40 kwa siku. Wabebaji wengine, daineini, wanarudi juu na vilivyochakaa, pamoja na habari za huko chini. Daudi alistaajabia mwili wake katika Zaburi 139, na hakuwa na darubini.

Lakini reli haimuulizi abiria ametoka wapi. Mbwa mwenye kichaa akikuuma, virusi vinaingia kwenye neva, vinapanda mzigo unaorudi juu, kuelekea ubongo. Safari hiyo huchukua wiki, mara nyingi miezi. Kidonda kinapona, mtoto anacheza mpira, nyumbani wanashukuru. Virusi vikishafika na dalili zianze, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo, chanjo inaokoa.

Nilikiri hili mbele yenu Jumapili na sasa naliandika. Mama mmoja wa hapa kanisani aliniletea mwanawe ameumwa na mbwa kule chini karibu na mto. Nikamwekea mikono, nikaomba kwa nguvu, halafu nikamwambia mama arudi nyumbani, kidonda ni kidogo. Jirani yake, ambaye hata si wa kanisa letu, ndiye aliyekiosha kile kidonda na kuwapeleka hospitali jioni ile ile. Mtoto alimaliza sindano zote. Yuko hai, mnamwona pale benchi la mbele.

Naamani alikasirika kwa sababu nabii hakutoka nje kumpungia mkono, alimtuma tu akaoge. Ati Yordani! Watumishi wake ndio waliomsihi mpaka akashuka mtoni. Nimehubiri habari hiyo miaka mingi nikidhani mimi ni Elisha. Siku ile nilikuwa Naamani, na mtumishi alikuwa yule jirani.

Basi, mtu akiumwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, hata akikwaruzwa tu: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa. Usipake mafuta wala pilipili. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, na urudi kwa kila sindano uliyopangiwa. Ukinipigia simu nitakuja, tutaomba tukiwa njiani.