Nuru ni ya Nani?

Mtu akilima shamba kwa jembe lake, hakuna amwulizaye mavuno ni ya nani. Lakini ziko kazi ambazo mmoja huzianza na wengine huzitimiza. Fikiri, msomaji, juu ya moja ya kazi hizo.

Mwaka 2006, mjini Puebla katika nchi ya Meksiko, msanii Rafael Lozano-Hemmer alionyesha kazi iitwayo Pulse Room, yaani chumba cha mapigo ya moyo. Mwaka uliofuata iliwekwa Venice, Italia, ikiwa na balbu 100 zilizoning'inia darini. Mgeni hushika vishikio viwili vya chuma. Mashine huyatambua mapigo ya moyo wake, na balbu iliyo karibu naye huwaka na kuzimika kwa kuyafuata. Akiachia, taa zote huzima kitambo. Kisha mapigo yake hujiunga na safu, na ya kila aliyemtangulia husogea balbu moja mbele. Yaliyo mwisho hutoka, yasionekane tena.

Je, nuru hiyo ni ya nani? Yamkini utasema ni ya msanii, kwani ndiye aliyeibuni. Lakini wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Chumba hicho kisipopata wageni hakina mapigo ya kuonyesha. Basi, utasema, ni ya wageni. Hilo nalo ni nusu ya kweli, maana mioyo yao ilidunda miaka yote bila kuwasha taa hata moja, mpaka mwingine alipoitengenezea njia.

Nionavyo, kosa limo katika swali lenyewe. Tumezoea kudhani kwamba kilicho changu hakiwezi kuwa chako. Shamba hugawanywa hivyo; lakini lugha, elimu na sifa njema ya shule havigawanywi. Kila ashirikiye anavyo vyote, wala havimpungukii mwenziwe.

Hata hivyo, ushirika una bei yake. Wakiisha kuja watu 100 baada yako, mapigo yako hayamo tena chumbani. Mwenye choyo angetamani kung'ang'ania vishikio milele. Lakini asiyeachia hajiungi na safu kamwe. Nuru yake huanza safari pale afunguapo mikono.

Nawe, msomaji, unakalia dawati lililoachwa na mwingine. Siku ya kuliacha itakapofika, utakuwa umeongeza nini katika safu?