Hesabu ya Kazi na Uaminifu

Hesabu ni mizani ya mambo ya umma. Mizani ikiwa ya haki, muuzaji na mnunuzi huridhika hata bei ikiwa chungu. Ikiwa ya hila, hapana bei iwezayo kuwa halali. Je, hesabu ya kazi ibadilikapo baada ya kutangazwa, mizani imedanganya au imesema kweli?

Swali hili lilizuka Marekani tarehe 1 Agosti 2025. Idara ya Takwimu za Kazi ilitangaza kuwa kazi zilizoongezeka mwezi wa Julai zilikuwa 73,000, na kuwa hesabu za Mei na Juni zimepunguzwa kwa jumla ya kazi 258,000. Siku iyo hiyo Rais Donald Trump alimwondoa mkuu wa idara, Erika McEntarfer, akidai kuwa hesabu zilighushiwa. Ushahidi wa dai hilo hakuutoa.

Yafaa kujua hesabu hiyo hufanywaje. Kila mwezi idara huwauliza waajiri wapatao 120,000 idadi ya watu waliowalipa. Wengine hujibu upesi, wengine huchelewa. Majibu ya waliochelewa yafikapo, hesabu ya kwanza hurekebishwa. Basi marekebisho si aibu ya hesabu, ni adabu yake. Mwongo hana desturi ya kufuta neno lake mwenyewe mbele ya watu.

Hata hivyo, uaminifu si ukamilifu. Katika uchunguzi mwingine, ufanywao kwa kaya, aliyefanya kazi ya malipo kwa saa moja tu katika juma huhesabiwa kuwa anayo kazi. Na aliyekata tamaa, asitafute kazi kwa majuma manne, hahesabiwi miongoni mwa wasio na kazi. Msomaji wa takwimu hana budi kuuliza kila neno lina maana gani.

Uzito wa jambo hili huonekana katika ushuru wa forodha. Mtawala autozaye hunena kuwa analinda kazi za raia. Mwaka 2018 Marekani ilitoza ushuru mashine za kufulia kutoka ng'ambo. Wachumi walikadiria kuwa kazi 1,800 hivi zilipatikana, lakini kila moja iliwagharimu wanunuzi zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka. Mwaka uo huo feleji ilitozwa asilimia 25. Wafuaji wa feleji walipata nafuu. Viwanda viinunuavyo, ambavyo ni vingi zaidi, vilibeba gharama. Aaron Flaaen na Justin Pierce, wachumi wa benki kuu ya nchi hiyo, waliona kuwa ushuru wa mwaka ule, kwa jumla, ulipunguza kazi za viwandani. Aliyeajiriwa kwa sababu ya ushuru huonekana langoni mwa kiwanda. Aliyekosa kazi kwa sababu yake hana lango la kusimama, na pengine hajui kilichomponza. Hesabu peke yake ndiyo imwonayo.

Yamkini mtu atasema kuwa kiongozi aliyechaguliwa ana haki ya kuchagua watumishi wake. Na iwe hivyo. Lakini mhesabu akiadhibiwa kwa habari mbaya, atakayemfuata atajua kuwa habari njema ndizo salama. Hapo mtawala hupata hasara asiyoitazamia: siku kazi zitakapoongezeka kwa kweli, ataitangaza neema hiyo, na hapana atakayemsadiki.